Redio koli inawaka, taa inawaka, lakini hawakukopi: tafuta kosa kwenye modulesheni kabla hujashika bisibisi

Redio nyingi zinazoletwa mezani kwangu zikiambiwa zimekufa hazijafa. Zinawaka, zinatuma, wati zinatoka kabisa kwenye mita, ila sauti iliyopakiwa huku haipakuliki kule, na hapo ndo mtu anaanza kulaumu betri, analaumu antena, analaumu mwenye duka. Kule kupakia sauti juu ya wimbi ndo kunaitwa modulesheni, na sehemu kubwa ya lawama za redio koli inaishia hapo, saa nyingine bila kufungua hata skrubu moja.

Nianze na kidogo cha kuelewa maana bila hicho utakuwa unabonyeza menyu kama unacheza bahati nasibu. Ukibonyeza PTT, kile kitufe cha kuongelea, bila kusema kitu, redio inatoa wimbi tupu, mafundi tunaliita keria. Halina habari yoyote, ni gari tupu linapita. Ukiongea sasa ndo sauti yako inalifanyia kitu lile wimbi, na tofauti ya AM, FM, SSB na dijitali ni kwamba linafanyiwa nini. Chukulia ngoma. Ukipiga mara kwa mkono mzito mara kwa mkono mwepesi, mlio ni uleule ila nguvu inapanda na kushuka, hiyo ni AM. Ukipiga kwa nguvu ileile lakini mkono mwingine unabonyeza ngozi, mlio unapanda na kushuka huku nguvu haijabadilika, hiyo ndo FM, na redio koli za mkononi karibu zote za analogi ni FM. SSB ni AM iliyochinjwa: keria imetupwa, upande mmoja umetupwa, umebaki upande mmoja tu ndo unatumwa. Dijitali yenyewe inageuza sauti kuwa namba kwanza halafu zile namba zinatumwa kwa kurukaruka kwenye masafa machache yaliyopangwa.

Kwa hiyo anayepokea lazima apakue kwa njia ileile mliyopakia nayo. Ukipakia FM akapakua AM, au ukipakia kwa kipimo kikubwa yeye akasubiri kidogo, ndo dalili zote hizi chini zinaanza.

Kitu kimoja kabla hatujaingia: tafuta redio ya tatu ambayo unajua ni nzima. Redio mbili zikigombana huwezi kujua nani mwongo, ya tatu ndo hakimu. Na mnapojaribu msisimame mkiwa mmegusana mabega, pigeni hatua hamsini au zaidi na muweke nguvu ndogo, maana mkiwa karibu sana redio inayopokea inazidiwa na wimbi, sauti inachafuka, mnaanza kutafuta ugonjwa ambao haupo.

DALILI: Mwenzako anaona taa ya kijani ikiwaka ukibonyeza, lakini hasikii neno

Hii ndo mama wa malalamiko yote. Taa ya kijani kule kwake maana yake keria imefika. Antena yako iko sawa, betri iko sawa, masafa yako sawa. Kilichokosekana ni sauti, au sauti ipo ila redio yake imekataa kuifungulia spika.

Kipimo cha kwanza kinachukua sekunde tano. Mwambie abonyeze na kushikilia kitufe cha MONI wakati wewe unaongea. Hicho kitufe kinafungua kwa lazima skwelchi, yaani lango linalonyamazisha spika mpaka wimbi linalotakiwa lifike. Akikusikia vizuri wakati amekishikilia, basi sauti yako inatoka na tatizo ni toni. Ikiwa ile shshshsh ya hewani inanyamaza ghafla unapobonyeza PTT, kimya kabisa kama mtu kazima redio, halafu hakuna sauti, basi keria inafika tupu na tatizo ni maiki yako au kinachofuata baada ya maiki. Kwenye FM kimya namna hiyo ni ushahidi, wimbi lenye nguvu linaua makelele ya hewani hata kama halijabeba kitu.

Toni kwanza, ndo sababu ya mara nyingi. Toni ni sauti nzito ya chini, kati ya 67.0 na 254.1 Hz, inatumwa pamoja na maneno yako muda wote ulioshika PTT. Husikii kwa sababu redio inachuja kila kitu kilicho chini ya kama 300 Hz kabla hakijafika spika. Redio ya mwenzako ikiwekewa toni ya kupokea 88.5 halafu wewe unatuma 100.0 au hutumi kabisa, itaona wimbi, itawasha taa, na itabaki imenuna. Kwenye zile Baofeng UV-5R ambazo zimejaa kila mahali, toni ya kutuma ni menyu namba 13 (T-CTCS) na ya kupokea ni namba 11 (R-CTCS), zile za kidijitali ziko namba 12 na 10. Watu wanaweka moja wanasahau nyingine. Ukitaka kujua haraka kama ni toni, kwenye redio inayopokea weka namba 10 na 11 zote OFF, ukisikia sauti umemaliza kazi.

Angalia pia mkichanganya redio za kampuni tofauti msiambiane "weka kodi ya 8", kila kampuni ina orodha yake ya namba, ambianeni Hz zenyewe. Na huku kando tu niseme, toni haifichi mazungumzo, anayekusikiliza bila toni anakusikia vizuri kabisa, inazuia tu wewe usisikie wengine. Nimeshakuta walinzi wanasoma namba za kufungulia geti hewani wakijua wako faragha.

Kama MONI imeonyesha keria tupu, njoo kwenye maiki. Kwanza chomoa maiki ya nje au ile ya sikioni, maana plagi ikiingia tu maiki ya ndani inakatwa, na waya wa zile za sikioni unakatikia palepale kwenye shingo ya plagi. Jaribu bila kitu chochote kilichochomekwa. Pili angalia kitundu cha maiki, kile kidogo kama tundu la sindano upande wa mbele. Kuna redio niliihangaikia nusu siku nzima, nikaifungua, nikapima, nikabadilisha mpaka maiki yenyewe nikaweka mpya, nikaifunga, bado kimya. Nikaja kuishika kwenye mwanga wa dirishani nikaona kitundu kimeziba, siyo vumbi la kawaida, vumbi limechanganyika na jasho na mafuta ya kupaka mpaka limekuwa kama udongo wa kufinyangia. Kijiti cha kuchokolea meno, nikazungusha taratibu, kikatoka kipande kama punje ya mtama. Nikabonyeza, "moja mbili moja mbili", ikaitika hadi kwenye redio ya duka la jirani. Maiki ya zamani haikuwa na kosa lolote. Kwa hiyo kijiti kwanza, lakini usikisukumize ndani, zungushia juujuu, ukizama utatoboa maiki yenyewe.

Ukishafika hapo na bado kimya, ndo inabaki maiki imekufa au njia ya sauti kwenye bodi. Maiki kwa mtu anayejua kushika solda ni kazi ya dakika chache, ila angalia chanya na hasi, ile ya electret ukigeuza haifanyi kazi. Ukibadilisha maiki na bado kimya, ACHA. Kinachofuata ni saketi ya modulesheni yenyewe na hapo bila chombo cha kupimia unaharibu.

DALILI: Sauti inafika lakini ndogo, kama mtu anaongea ndani ya pipa, hata volyumu ikiwa mwisho

Au kinyume chake: sauti kubwa inayokwaruza, na mtu akipaza sauti ndo inakatika kabisa. Naziweka pamoja kwa sababu ni ugonjwa mmoja una sura mbili, na ugonjwa wenyewe unaitwa waidi na naro.

FM nimesema masafa yanatikisika kushoto na kulia kufuatana na sauti yako. Yanatikisika kiasi gani? Hicho kiasi kinaitwa divesheni. Redio iliyowekwa waidi inatikisika mpaka 5 kHz kila upande, ya naro mpaka 2.5 kHz. Kwenye FM ukubwa wa sauti anaousikia mwenzako unatoka hapo hapo, kwenye mtikisiko, siyo kwenye wati. Wengi hawaamini hili. Ukiweka nguvu kutoka wati 1 kwenda wati 5 sauti haiongezeki hata kidogo, kinachopungua ni makelele ya nyuma tu.

Sasa wewe ukiwa naro na mwenzako waidi, redio yake inategemea mtikisiko wa 5, wewe unampa 2.5, anasikia nusu. Sauti safi lakini ndogo. Ukiwa wewe waidi na yeye naro, unamtikisia 5 wakati chujio lake limebanwa kwa ajili ya 2.5, kwa hiyo kila ukifika kwenye silabi nzito wimbi linatoka nje ya mlango, sauti inapasuka, na saa nyingine skwelchi yake inafunga katikati ya neno kwa sababu inadhani wimbi limepotea. Hesabu ya upana wa chaneli siyo ngumu: jumlisha divesheni na sauti ya juu kabisa ya maongezi, yaani kama 3 kHz, halafu zidisha mara mbili. Naro inakuja 11 kHz, inaingia kwenye chaneli ya 12.5. Waidi inakuja 16 kHz, inataka chaneli ya 25. Ndo maana waidi ukiiweka kwenye chaneli za 12.5 unamwagikia jirani.

Kampuni moja ya ulinzi ilikuwa na redio za zamani, ikaongeza mpya kumi. Zile mpya zikaonekana feki kwa sababu "zina sauti ya chini", msimamizi kashaandika barua ya kuzirudisha na kudai hela. Nikamwomba moja, nikaingia menyu namba 5, imeandikwa NARR, za zamani zote WIDE. Hapo kwanza akakataa kuamini, akasema fundi gani anatengeneza bila kufungua. Tulichofanya ni kucheki leseni yao inaruhusu upana gani halafu redio zote zikawekwa sawa na leseni, na hilo ndo la kufanya, siyo kuchagua ile yenye sauti kubwa kwa sababu masikio yameipenda.

Ukishalinganisha waidi na naro na bado sauti ndogo, rudi kwenye kitundu cha maiki, kikiziba nusu sauti inakuwa nusu. Angalia pia unavyoishika, kuna watu wanaongelea antena wakati maiki iko chini huko kidevuni. Halafu cheki spika ya anayepokea kwa kumsikiliza mtu mwingine, huenda spika imeingia maji na wewe unasingiziwa.

Ndani ya redio kuna sehemu ya kurekebisha divesheni, kwa zile za zamani ni kipotenshometa kidogo, za sasa ni menyu ya siri au programu ya kompyuta. USIGUSE KWA KUTEGEMEA SIKIO. Kila anayezungusha anazungusha kuelekea sauti kubwa, anatoka nje ya chaneli, toni inavurugika nayo, na ripita, ule mtambo wa mnarani unaopokea sauti na kuirusha upya, inaanza kumkataa. Hii kazi inataka mashine ya kupimia redio inayosoma divesheni kwa kHz, fundi asiye nayo mwambie asante tu.

DALILI: Sauti inapasuka, inakoroma au ina mluzi

Hapa uliza maswali matatu kwa mpangilio huu.

Je, inapasuka kwa mtu mmoja tu na akishika mwingine redio hiyohiyo inakuwa safi? Basi ni mdomo. Shika redio vidole vitatu vinne kutoka mdomoni, ongea kawaida. Ndani ya redio ya FM kuna kizuizi kinachokata sauti ikizidi ili divesheni isivuke mpaka, kwa hiyo ukipiga kelele husikiki mbali zaidi, unakatwa vichwa vya maneno tu.

Je, ukishusha nguvu kutoka HIGH kwenda LOW inakuwa safi? Hapo wimbi lako lenyewe linarudi na kuingia kwenye waya wa maiki. Ni sana kwenye redio za garini. Antena imelegea, au kitako chake hakijagusa bati sawasawa kwa sababu ya rangi, au kebo imebanwa na mlango mpaka imechubuka. Kaza, kwangua rangi pale kitako kinapokaa, badilisha kebo. Redio ya mkononi mara nyingi ni maiki ya nje ya bei rahisi isiyo na kinga.

Je, ni mluzi unaopanda ukikanyaga mafuta? Hiyo ni altaneta. Umeme wa gari hautulii, ule mtikisiko wa umeme unaingia kwenye redio na kupakiwa juu ya wimbi kama sauti. Zima injini uongee, ukiisha ndo yenyewe. Wengi wamechomeka kwenye tundu la kuwashia sigara, toa hapo, vuta nyaya mbili moja kwa moja mpaka kwenye betri, chanya na hasi zote, na fyuzi karibu na betri. Fyuzi siyo urembo. Waya wa betri ukichubuka ukagusa bodi bila fyuzi gari linaungua, sitanii. Ukishafanya hivyo na mluzi bado uko vilevile, peleka gari kwa fundi umeme akapime daiodi za altaneta, redio haina kosa.

Kuna sababu ya nne ya nadra kidogo lakini inasumbua: masafa yamekosewa kidogo wakati wa kuingiza kwa mkono. Redio ndogo za PMR446 za Ulaya kwa mfano chaneli ya kwanza ni 446.00625 MHz. Ukiingiza hiyo kwenye redio iliyowekewa hatua (STEP) ya 5 kHz, yaani masafa yanaruka tano tano, inakupeleka 446.005. Umepishana kwa 1.25 kHz, mtasikizana, ila mtikisiko unagonga ukuta wa upande mmoja na sauti inakwaruza hasa ukiwa naro. Badilisha hatua iwe 6.25 ndo uingize upya.

DALILI: Badala ya sauti unasikia drrrrrr kama pikipiki kwa mbali

Hamna kitu kimeharibika. Umekutana na dijitali huku wewe ni analogi. DMR, ambayo ndo nyingi sana siku hizi, inatuma namba kwa kuruka kwenye masafa manne: 648 Hz na 1944 Hz kila upande wa katikati, mara 4800 kwa sekunde. Redio ya FM ikijaribu kuigeuza hiyo kuwa sauti inatoa ule mngurumo. Na unakatikakatika hivyo kwa sababu DMR inagawa muda vipande viwili vya milisekunde 30, watu wawili wanaongea kwa zamu kwenye chaneli moja ya 12.5 kHz bila kujuana.

Kama hao ni watu wenu, basi chaneli moja imewekwa analogi na nyingine dijitali. Redio za DMR zinafanya vyote viwili, ni suala la kuprogramu. Kama redio yako ni ya analogi tupu, hakuna menyu itakayoigeuza, usiibiwe na mtu anayesema atai-"flash".

Wote mkiwa DMR na bado taa inawaka bila sauti, ndo ile dalili ya kwanza imerudi na nguo nyingine. Cheki namba ya rangi, ile ya 0 mpaka 15, lazima ifanane, yenyewe ndo toni ya huku. Halafu cheki kipande cha muda, cha kwanza au cha pili. Halafu namba ya kundi, na kama hilo kundi limewekwa kwenye orodha ya kupokea, hapa ndo watu wanateleza zaidi. Mwisho cheki kama mmoja amefungia kwa ufunguo wa siri. Na mjue DMR haisikizani na aina nyingine za dijitali, NXDN wala P25 wala C4FM, hata masafa yakiwa yaleyale.

Sauti ya roboti, maneno yanakatika kama mtu anameza? Wimbi dhaifu. Analogi inakupa onyo, makelele yanaongezeka kidogo kidogo ukienda mbali. Dijitali iko safi, iko safi, halafu roboti, halafu hakuna. Sogea mahali pa juu, badilisha antena, usianze kufungua redio.

DALILI: Simu ya upepo, wanaongea kama bata

Huku ni HF, masafa ya chini yanayofika mbali, zile redio kubwa za mezani ambazo hospitali za misheni na vituo vya wanyamapori walizitumia miaka mingi kabla mitandao haijafika, na kwingine mpaka leo zipo. Hizi zinatumia SSB. Kwa kuwa keria imetupwa, redio inayopokea inabidi itengeneze ya kwake ya bandia, na isipokaa palepale ilipokuwa ya mtumaji, sauti yote inahama. Ikiwa juu ni bata, ikiwa chini ni mzee mwenye mafua. Tofauti ya Hz mia tu inatosha kuisikia.

Zungusha kitufe cha CLARIFIER au RIT taratibu mpaka mtu asikike mtu. Kikikataa kabisa na maneno hayaeleweki hata kidogo, yaani kama lugha imegeuzwa ndani nje, basi mko pande tofauti, mmoja USB (upande wa juu wa wimbi) na mwingine LSB (upande wa chini). Redio za kazi na za meli zinatumia USB. Waridhaa, wale wanaorusha redio kwa kupenda tu siyo kwa kazi, wana desturi ya LSB chini ya 10 MHz na USB juu yake, kwa hiyo ukinunua redio ya ridhaa iliyotumika ukaileta kwenye mtandao wa kazi, tarajia hili. Ukilazimika kurekebisha clarifier kila asubuhi ndo itulie ikishapata joto, kristali ya ndani inayoshikilia masafa imezeeka, peleka kwa fundi.

Lalamiko lingine la huku: "nikibonyeza mita inasoma sifuri". Ni sawa. SSB usipoongea haitumi kitu, keria haipo. Piga mluzi mfupi kwenye maiki, sindano ikiruka iko nzima. Na ukiongea mita ya kawaida itasoma sehemu ndogo tu ya zile wati 100 zilizoandikwa, kwa sababu 100 ni za kilele na sauti ya mtu haikai kileleni. Usiongeze maiki geni, yaani ukali wa maiki, mpaka sindano ikae juu muda wote, hapo unaponda sauti na unachafua chaneli za jirani pande zote mbili. FM inavumilia kikuza nguvu kinachokata vichwa vya wimbi, SSB haivumilii. Na kama mnakopiana vizuri mchana halafu usiku hamna mtu, hiyo siyo modulesheni, ni anga, usiku mhamie masafa ya chini.

ACHA KABISA kama redio au kikuza nguvu chake kina taa za zamani za vioo ndani, zile valvu. Volti zake zinaua, na zinabaki kwenye kapasita hata umechomoa ukutani.

DALILI: Masafa ya ndege nimeweka sawa lakini sisikii kitu, au nasikia matope

Ndege zinaongea AM, kati ya 118 na 137 MHz. Redio yako ikiwa inapokea FM tu, inatafuta mtikisiko ambao haupo, utasikia kimya au matope. Hakuna cha kutengeneza, tafuta skana yenye AM. Ndege wamebaki na AM kwa sababu nzuri: kwenye FM wimbi lenye nguvu linameza dhaifu kabisa, huwezi kujua kama kuna rubani mwingine alikuwa anaita. Kwenye AM wawili wakibonyeza pamoja unasikia mlio wa kugongana, mwongoza ndege anajua wapo wawili anawaambia warudie. Boti zenyewe ni FM, chaneli 16 ni 156.800 MHz. Na kusikiliza ni kitu kimoja, usije ukabonyeza PTT kwenye masafa ya ndege "kujaribu". 121.5 ni ya dharura.

Kwa wenye redio za AM za 27 MHz: ukiongea mita inatakiwa ipande kidogo. Ikishuka kila ukiongea, umeme wako ni dhaifu, cheki betri na nyaya kwanza.

DALILI: Ripita inanipokea halafu inanikata katikati ya sentensi

Ukikatwa baada ya muda uleule kila mara ni kikomo cha muda wa kuongea, menyu namba 9 (TOT) kwenye UV-5R, au cha ripita yenyewe. Ongea kifupi. Ukikatwa ovyoovyo, hasa unapopaza sauti, toni yako haifiki vizuri, cheki waidi na naro kwanza. Ikiwa ni redio zote zinakatwa, siyo redio zako. Usipande mnara. Mnara ni wa wenye mkanda wa usalama na wanaojua kuzima umeme, na mawingu yakianza kukusanyika hata hao hawapandi.

MAMBO YA KUTOFANYA HATA KAMA UNAJIAMINI

Usibonyeze PTT bila antena au dami (kifaa cha kumeza nguvu badala ya antena), nguvu haina pa kwenda inarudi kuchoma transista ya mwisho. Usishike antena ya HF inapotuma, inaunguza ngozi kutoka ndani. Betri iliyovimba usiichaji "mara ya mwisho", itoe. Usiongeze masafa mapya kwenye redio kwa sababu tu yanaingia, yanatolewa kwa leseni, Tanzania ni TCRA na Kenya ni CA, na redio inaweza kufika popote ila wewe huruhusiwi kila mahali.

Ukiamua kumletea fundi, andika kwenye karatasi: masafa ya kutuma na kupokea, waidi au naro, toni zote mbili, analogi au dijitali, na dalili kwa maneno uliyoyasikia, kama ni "drrr" andika drrr. Leta na redio nyingine mliyokuwa mnaongea nayo, maana nusu ya ugonjwa unaweza kuwa huko. Na uje na betri na chaja yake, kuna watu wanasafiri kilomita mia wanakuja na redio tupu.